Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Lugha ya Ukaribisho katika Miji Midogo ya Barabara Kuu ya Nairobi–Mombasa

1.0 Utangulizi

Wahenga walilonga kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hufundishwa tangu shule ya msingi, na aghalabu hufafanuliwa kwa mfano wa nyumba moja: mgeni akifika, kuku huchinjwa, na mwenyeji naye hupata kitoweo ambacho hangekionja siku nyingine. Ni nadra methali hii kutafakariwa kwa mfano wa mji mzima. Hata hivyo, ipo miji nchini Kenya ambayo kwayo methali hii si fumbo bali ni hesabu ya kila siku. Basi likisimama, unga hununuliwa; basi likipita bila kusimama, moto huzimwa mapema ili kuokoa makaa.

Makala haya yananuia kuchunguza namna wafanyabiashara wa miji midogo iliyo kando ya barabara kuu wanavyoweza kuwakaribisha na kuwashirikisha wasafiri wapitao. Yapo mambo mengi yanayochangia ufanisi wa biashara kama hizi, yakiwemo mtaji, usafi, usalama na maegesho. Mwanabiashara na mwanauchumi watayashughulikia hayo. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunahusika na chombo kimoja ambacho hakina bei sokoni, nacho ni lugha. Hoja ya msingi ni kwamba mfanyabiashara anayemchukulia mpita njia kuwa mgeni, akamsalimu kabla ya kumtajia bei, akampa taarifa anayoihitaji kabla ya kumpa bidhaa, kisha akamuaga anapoondoka, humwekea msafiri huyo sababu ya kurudi. Yule anayemchukulia kuwa windo humpata mara moja, au asimpate kabisa.

Ni vyema kukiri mapema kwamba mwandishi hayuko mbali na mada hii. Alilelewa katika mji mmoja mdogo kati ya Makindu na Mtito Andei, na mama yake mzazi amekuwa akiuza chai na chapati kando ya barabara hii tangu mwandishi akiwa mtoto. Karo ya shule ilitoka katika birika hilo. Kwa sababu hiyo, pale ushahidi utakapokuwa wa macho yangu mwenyewe, nitasema kwa nafsi ya kwanza.

2.0 Miji Iliyozaliwa na Wapitaji

Barabara ya Nairobi hadi Mombasa ina urefu wa takriban kilomita 480. Anayetoka Nairobi hupita Salama, Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na Mariakani, tusitaje vituo vidogo vilivyo katikati. Historia ya miji hii haiwezi kutenganishwa na watu waliokuwa wakielekea kwingine. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Injini zilihitaji maji na kuni, na abiria walihitaji kula. Kila palipohitajika kusimama, pakachipuka makazi. Katika miaka ya mwanzo, kabla treni hazijawa na mabehewa ya chakula, abiria walikuwa wakishuka kula katika nyumba za wageni zilizojengwa na reli, mathalani Voi na Makindu. Kwa hivyo, biashara ya kumlisha mpitaji katika eneo hili ina umri wa zaidi ya karne moja.

Hata majina ya mahali yanahifadhi kumbukumbu hiyo. Sultan Hamud ni mji uliopewa jina la mgeni. Hamud bin Mohammed, aliyekuwa Sultani wa Zanzibar kuanzia mwaka 1896 hadi 1902, anasimuliwa kuwa alifika hapo kuitazama reli ilipokuwa ikijengwa. Mtito Andei nao unatokana na maneno ya Kikamba yenye maana ya msitu wa tai walao mizoga. Jina hilo linatukumbusha mandhari ya nyika ambayo msafiri wa kale aliyahofu kabla ya kuyazoea.

Baadaye barabara ya lami ilichukua nafasi ya reli ya zamani kama njia kuu ya abiria, na kwa miongo mingi mabasi yakawa ndiyo riziki ya miji hii. Mabadiliko makubwa yalitokea mwezi Juni 2017, treni ya abiria ya reli mpya ya kisasa ilipoanza kuhudumia wananchi kati ya Mombasa na Nairobi. Reli hiyo ina vituo katika baadhi ya miji hii, lakini abiria anayesafiri kutoka mwisho mmoja hadi mwingine huipita bila ya kushuka kunywa chai. Mwaka 2019 serikali iliagiza pia kwamba makasha ya mizigo ya bara yasafirishwe kwa reli, agizo lililopingwa vikali na wenye malori na wakazi wa miji ya barabarani. Mnamo Septemba 2022 serikali mpya ilirudisha bandarini Mombasa shughuli za kutoa mizigo, na wenye malori wakapata nafuu.

Funzo la historia hii ni kwamba mwenyeji wa mji wa njiani hana mamlaka juu ya nani atapita. Maamuzi hayo hufanyiwa Nairobi na Mombasa. Mamlaka aliyo nayo ni juu ya kile kinachotendeka mgeni anaposimama. Zamani, msafiri wa basi hakuwa na budi kula pale dereva alipoamua. Siku hizi anaweza kupanda treni, anaweza kusafiri kwa gari lake na kusimama apendapo, au anaweza kubeba chakula kutoka nyumbani. Msafiri aliyekuwa akipatikana kwa lazima sasa hana budi kupatikana kwa hiari. Hapo ndipo lugha inapoingia.

3.0 Mgeni, Abiria na Mteja

Kabla ya kuendelea, ni muhimu kutofautisha maneno matatu yanayotumiwa kumtaja mtu huyu mmoja. Kwa kondakta, yeye ni abiria, yaani mtu aliyelipa nauli na anayehesabiwa kwa kiti. Kwa mwenye duka, yeye ni mteja, yaani mtu anayehesabiwa kwa fedha atakayoacha. Neno la tatu, mgeni, lina utajiri wa aina yake. Katika Kiswahili, mtu usiyemjua na mtu uliyemwalika huitwa kwa neno lilo hilo moja. Lugha haikutupa nafasi ya kumwita wa kwanza kwa jina la hofu na wa pili kwa jina la heshima. Asiyejulikana akishafika mlangoni, tayari ana haki ya kukaribishwa.

Haki hiyo ina utaratibu wake. Mgeni hubisha hodi, mwenyeji huitikia karibu. Mgeni hukaa, huulizwa habari za safari, hupewa pole ya uchovu, kisha hupewa maji. Shida yake husikilizwa baadaye. Ndugu msomaji atatambua kuwa barabarani mgeni hapati nafasi ya kubisha hodi. Honi ya basi ndiyo hodi yake. Swali tunalopaswa kujiuliza ni hili: mwenyeji huitikiaje hodi hiyo?

4.0 Mwitiko wa Mwenyeji: Mifano Miwili

Penelope Brown na Stephen Levinson, katika nadharia yao ya upole iliyochapishwa kama kitabu mwaka 1987, wanaeleza kwamba kila mzungumzaji ana uso anaotaka ulindwe. Uso huo una pande mbili. Uso chanya ni haja ya mtu kupendwa na kuthaminiwa. Uso hasi ni haja ya mtu kuachwa huru, asisukumwe wala kuingiliwa. Msafiri anaposhuka katika basi, nyuso zote mbili ziko hatarini. Amechoka na mahali hapo ni pageni kwake. Ana haja ambazo anaona haya kuzitaja, hasa haja ya kwenda msalani. Juu ya hayo, hajui basi litangoja kwa muda gani.

Mazungumzo yafuatayo niliyasikia wakati wa likizo nilipokuwa nikimsaidia mama. Niliyaandika jioni kwa kukumbuka, kwa hivyo huenda yamepungua neno moja au mawili. Mfano wa kwanza ulitokea kwenye dirisha la basi:

Mchuuzi: Bosi! Machungwa, bosi! Mia! Shika!
Abiria: Sitaki.
Mchuuzi: Sabini basi. Tajiri, shika tu!
Abiria: Nimesema sitaki.
Mchuuzi: Hamsini! Chukua ya hamsini!
(Abiria anafunga dirisha.)

Mfano wa pili ulitokea kibandani, mita chache kutoka hapo:

Mama: Karibu, mwanangu. Pole na safari.
Abiria: Asante, mama. 
Mama: Hili basi lenu husimama dakika kumi na tano. Choo kiko huku nyuma, na maji ya kunawa yako pale kwenye mtungi. Ukirudi utakuta chai.
Abiria: Chai ni pesa ngapi?
Mama: Ishirini, na chapati ni ishirini.
Abiria: Niwekee chapati mbili.

Katika mfano wa kwanza, mchuuzi ametumia vitenzi vya kuamuru, "shika" na "chukua", ambavyo vinashambulia uso hasi wa abiria. Amemwita "bosi" na "tajiri", maneno yanayodai kusifu lakini kwa hakika yanapima mfuko. Lililo baya zaidi ni bei. Machungwa yameshuka kutoka mia hadi hamsini kabla ya dereva kuzima injini. Mchuuzi anadhani amempunguzia abiria; abiria ameelewa kuwa bei ya kwanza ilikuwa uongo, na hana hakika kwamba hamsini nayo si uongo. Dirisha halikufungwa kwa sababu ya machungwa, bali kwa sababu maneno yamepoteza thamani.

Katika mfano wa pili, bei haikutajwa hadi abiria alipoiuliza mwenyewe. Yaliyotangulia ni salamu na pole, ambayo ni malipo kwa uso chanya. Kisha taarifa tatu kuhusu muda, choo na maji, ambazo zimemwondolea abiria hofu na kumwepusha na aibu ya kuuliza. Kauli "ukirudi utakuta chai" si amri wala ombi. Ni ahadi inayomwachia mtu uhuru wa kuikubali au kuikataa. Bei imetajwa mara moja tu. Ikumbukwe pia kwamba neno "mwanangu" linamweka abiria katika uhusiano wa kindugu, na uhusiano huo unamfunga hata msemaji, kwani ni vigumu kumpunja uliyemwita mwanao mbele ya watu.

Hatupaswi, hata hivyo, kumhukumu mchuuzi wa dirishani bila ya kumwelewa. Yeye hana kibanda wala benchi. Basi likisimama kwa dakika mbili kushusha abiria mmoja, anashindana na wenzake kumi kwa dirisha lile lile. Lakini hata katika dakika hizo mbili ipo njia bora. Anayesema "Habari za safari? Machungwa ya Makueni, matano kwa hamsini" ametumia maneno machache kuliko yule wa kwanza. Amesalimu, ametaja asili ya bidhaa, idadi na bei, kisha amenyamaza. Kunyamaza huko ni sehemu ya lugha yake. Wahenga hawakukosea waliposema chema chajiuza, kibaya chajitembeza: bidhaa inayosukumwa dirishani hushukiwa kabla ya kuonjwa.

Jambo jingine la kutajwa hapa ni namna wageni kutoka nchi za mbali wanavyoitwa. Methali husema mgeni ni kuku mweupe, yaani huonekana kwa wepesi miongoni mwa wenyeji. Kumwita mtu kwa rangi yake huku vijana wakikimbilia gari lake ni kumkumbusha jambo analolijua na linalomtia wasiwasi. Mgeni huyo aghalabu amefundishwa maneno mawili ya Kiswahili, "jambo" na "asante", na anatafuta mtu wa kuyajaribu naye. Salamu ya utulivu humfungulia mlango.

5.0 Lugha ya Mabango

Gari linalokwenda kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde. Maana yake ni kwamba dereva ana sekunde chache za kuliona bango, kulisoma, kuamua na kupunguza mwendo. Bango ndilo "karibu" ya kwanza, na mara nyingi ndilo ya mwisho. Nitasimulia kosa langu mwenyewe katika jambo hili kwa sababu nadhani ni kosa letu sote tunaosoma lugha.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa msamiati. Nilinunua rangi, nikampakia mama bango jipya: MKAHAWA WA MAAKULI MURUA NA VIBURUDISHO ANUWAI. Nilijivunia kwamba halikuwa na neno hata moja la Kiingereza. Mama alilitazama, akanishukuru, akalitundika. Wiki kadhaa baadaye dereva wa lori kutoka Uganda aliegesha ng'ambo ya barabara, akavuka, akamuuliza mama kwa adabu: "Mama, hii ni ofisi ya nani?" Nilikuwa nimeketi pale pale. Mama hakusema lolote mbele yangu. Niliporudi likizo iliyofuata, bango lilikuwa limegeuzwa, na upande wa nyuma alikuwa ameandikisha: CHAI MOTO. CHAPATI. CHOO SAFI. MAJI BURE. Wateja sikuwahesabu, lakini niliona birika la pili jikoni.

Tukio hilo lilinifundisha isimujamii kuliko mihadhara mingi. Kwanza, lugha sanifu na lugha ngumu ni mambo mawili tofauti. Maneno yote ya mama ni sanifu kabisa. Hakuna mwalimu atakayeyasahihisha. Bango langu lilikuwa sanifu pia, lakini lilikuwa la sajili ya insha, si ya barabarani. Pili, Kiswahili cha barabara hii si mali ya Wakenya pekee. Malori yatokayo Mombasa huelekea Uganda, Rwanda na mashariki mwa Kongo, na madereva wake hukutana katika Kiswahili cha mawasiliano mapana. Neno "anuwai" halikumsaidia mtu huyo. Neno "chai" lingemtosha. Tatu, mama alielewa mpangilio wa mahitaji ya msafiri. Choo na maji havimwingizii fedha, lakini ndivyo vinavyomsimamisha mtu.

Mabango mengine hukosea kwa namna tofauti. Katika vibanda vingi utasoma maonyo: "Hakuna mkopo", "Usiketi kama hununui", "Choo ni kwa wateja pekee", au methali kama kukopa harusi, kulipa matanga. Maonyo haya yana sababu zake. Yameandikwa kwa ajili ya jirani asiyelipa deni. Tatizo ni kwamba jirani huyo alishazoea kutoyasoma, na anayeyasoma ni mgeni ambaye hajaomba mkopo wowote. Anaingia akiwa ametuhumiwa tayari. Deni la jirani lina mahali pake katika daftari, na halifai kuwekwa ukutani mbele ya mgeni.

Aidha, kuna suala la neno "hoteli". Nchini Kenya, hoteli katika mji mdogo huwa ni mahali pa kula, na mara nyingi hapana kitanda. Mgeni wa kutoka ng'ambo anayetafuta malazi husimama na kusononeka. Ni jambo jepesi kuongeza neno "Chakula" au "Vyumba vya kulala" ili kila mmoja ajue anachokuta. Mabango mengi ya barabara hii yameandikwa kwa Kiingereza ilhali Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sisemi Kiingereza kiondolewe, kwani wapo wageni wanaokihitaji. Ninasema kwamba bango linalosomwa na watu wengi zaidi ndilo bango bora, na katika barabara hii bango hilo haliwezi kukosa Kiswahili.

6.0 Funzo la Makindu

Mji wa Makindu una mfano ambao hauwezi kupuuzwa katika mada hii. Katika mji huo kuna hekalu la waumini wa dini ya Kisikhi lililojengwa mwaka 1926, enzi ambapo Masikhi wengi walifanya kazi katika reli. Hadi leo wasafiri wa dini na kabila lolote hukaribishwa hapo, wakapewa chakula bila malipo, na wanaohitaji kulala hupewa mahali. Desturi hii ya kulisha kila ajaye, ambayo Masikhi huiita langari, ni sehemu ya imani yao, nayo si biashara.

Mtu anaweza kudhani kuwa chakula cha bure huwaua wauzaji wa chakula mjini. Sidai kulijibu swali hilo kwa takwimu. Ninachojua, kwa kukulia jirani na mji huo, ni kwamba wapo watu wanaopanga safari zao ili wasimame Makindu, na aliyesimama hununua pia maji, mafuta ya gari, asali au matunda. Jina la mji limeshikamana na ukarimu, na sifa hiyo haikujengwa kwa tangazo. Imejengwa na wageni waliosimuliana.

Katika fasihi simulizi tunajua kuwa masimulizi huishi kwa sababu ya anayeyapokea na kuyapeleka mbele. Mpita njia ndiye fanani wa mji wa njiani. Akifika Mombasa au Kampala atasimulia mambo mawili tu kuhusu mji wako: alivyotendewa, na jambo moja alilolisikia. Kwa hiyo, mfanyabiashara ana wajibu wa kumpa la kusimulia. Visasili vya majina ya mahali, ambavyo sisi tunavikusanya kwa ajili ya tasnifu, vina kazi hapa. Abiria anayesubiri chai Mtito Andei na kuuliza, "Hili jina ni la lugha gani?" amejitolea kushirikishwa. Akijibiwa kwa sentensi mbili kuhusu msitu na tai, na kuonyeshwa kwamba lango la Mbuga ya Tsavo Magharibi liko hapo hapo mjini, atakuwa amepata zaidi ya chai. Akijibiwa "sijui, nunua kwanza", naye atalisimulia hilo.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na yaliyojadiliwa, mambo yafuatayo yanaweza kufanywa na mfanyabiashara yeyote wa mji wa njiani bila mtaji mkubwa.

Kwanza, salamu itangulie bei. "Karibu, pole na safari" huchukua sekunde mbili. Wazee wapewe heshima yao, na vijana wasiitwe kwa majina ya kuwapima mifuko.

Pili, taarifa itangulie bidhaa. Msafiri aambiwe choo kiliko, maji yaliko na muda uliosalia. Ni busara mwenye kibanda kumuuliza kondakta muda huo mara basi linaposimama na kuutangaza kwa sauti ya kawaida.

Tatu, bei iwe moja na iandikwe. Bei iliyoandikwa ubaoni humlinda muuzaji dhidi ya ubishi na humlinda mgeni dhidi ya hofu ya kupunjwa. Nambari ya kulipia kwa M-Pesa iandikwe kwa tarakimu kubwa ili abiria asipoteze dakika zake akiuliza.

Nne, dereva asichukuliwe kuwa ndiye mgeni pekee. Ni desturi inayojulikana katika barabara nyingi kwamba dereva na kondakta hupewa chakula na mwenye hoteli ili wasimamishe basi hapo. Sina ugomvi na desturi hiyo. Lakini palipo na makubaliano hayo, mwenye hoteli hushawishika kumsahau abiria, akampa chapati ya jana kwa bei ya juu. Abiria huyo ndiye atakayepanda treni safari ijayo, na dereva hatakuwa na basi la kusimamisha.

Tano, mgeni aagwe. Hili ndilo linalosahaulika zaidi. Honi ikilia, muuzaji huwa ameshageuka kuhesabu fedha. Maneno "safari njema, mkirudi mnipitie" yana nguvu kwa sababu yanasemwa wakati ambapo hakuna tena cha kuuza. Mgeni hujua hapo kwamba salamu ya kwanza haikuwa chambo.

Ikumbukwe, hata hivyo, kuwa maneno matupu hayavunji mfupa. Lugha nzuri juu ya chai ya maji na choo kichafu ni udanganyifu mwingine, na mgeni hadanganyiki mara mbili. Lugha ya ukaribisho ni ahadi. Chakula, usafi na chenji kamili ndiyo utekelezaji wake.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba katika miji midogo ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, ukaribisho si pambo la biashara bali ni sehemu ya biashara yenyewe, na kwamba Kiswahili kina hazina ya kutosha kwa kazi hiyo: salamu, pole, hodi na karibu, majina ya kindugu, methali na masimulizi ya mahali. Reli mpya haitang'olewa, na mabasi ya zamani hayatarudi yote. Waliobaki barabarani ni wachache zaidi, na kwa hivyo kila mmoja wao ana thamani zaidi.

Wasomi wenzangu, wengi wetu tumetoka katika miji ya aina hii, iwe ni ya barabara hii au ya nyingine. Tunapofunga chuo, hupita katika miji hiyo tukiwa na madaftari yaliyojaa nadharia. Pendekezo langu kwa chama chetu ni dogo. Katika likizo ijayo, kila mwanachama amtembelee mfanyabiashara mmoja wa mji wake, aketi naye siku nzima asikilize wageni wanauliza nini, kisha amsaidie kuandika bango moja na ubao mmoja wa bei kwa Kiswahili kinachosomeka kutoka barabarani. Tukirudi, tulinganishe tulichojifunza. Tahadhari ni moja tu: kabla ya kuchovya brashi kwenye rangi, tumuulize mwenye kibanda anataka kusema nini. Mimi sikuuliza, na bango langu sasa linatazama ukuta.